Oili Mpya kwa Injini, Oili Chafu kwa Mtungi

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wahudumu wa bodaboda na wakazi waliokusanyika sokoni. Tumeyachapisha kwa sababu wengi waliohudhuria waliomba hatua zilizoelezwa ziandikwe ili wazisome nyumbani.

 

Najua mtu wa ofisi ya habari akishika maikrofoni, watu hutega sikio wakingoja kutangaziwa mradi. Leo sikuja na mradi. Nimekuja na karai kuukuu, spana, chupa moja ya oili mpya, mtungi wa lita tano, na hadithi ambayo sehemu yake kubwa ni makosa yangu mwenyewe.

Niseme mapema kwamba mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari. Lakini pikipiki ndiyo miguu yangu kazini. Wadi za mbali hazifikiki kwa kiatu cha ofisi, na nimejifunza kuitunza kwa kuuliza, kukosea na kuuliza tena. Mafundi walio hapa wakinisikia nikiteleza, wanisahihishe papo hapo. Hawatakuwa wamenikosea heshima.

Injini ya kaka yangu

Miaka kadhaa iliyopita, kaka yangu mkubwa alichukua pikipiki kwa mkopo. Mnajua hesabu ya mkopo ilivyo. Kila wiki rejesho, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Kaka alikuwa mchapakazi. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafika steji. Petroli hakukosa, tairi aliziangalia, na pikipiki aliiosha hadi unajiona kwenye tangi.

Oili, hata hivyo, alikuwa akiiongezea tu. Ikipungua, anatia kidogo. Hakuwahi kuimwaga yote na kuweka mpya. Nilipomuuliza alinijibu, "Haitoi moshi, haina kelele, ya nini kuisumbua?" Nami nilikubali, kwa sababu sikujua zaidi yake.

Siku moja, akiwa na magunia mawili ya viazi, injini ilizimika katikati ya mlima. Akapiga kiki, kiki haishuki. Pistoni ilikuwa imeshika. Kufungua injini, kutafuta vipuri na kuirudisha kulichukua siku kumi na moja. Siku kumi na moja bila kazi, na mkopeshaji hana habari za pistoni. Anajua tarehe tu. Mama aliuza mbuzi wawili ili pikipiki isichukuliwe. Mbuzi hao walikuwa karo ya mdogo wetu.

Fundi aliyeifungua ile injini alitutolea oili iliyokuwa ndani. Ilikuwa nzito kama uji wa wimbi uliolala, nyeusi, na ukiisugua kati ya vidole unahisi mchanga. Akamwambia kaka, "Kijana, hii injini haikufa leo. Imekuwa ikifa kila siku."

Oili inafanya kazi gani?

Wengi wetu tunajua oili inalainisha. Ni kweli, lakini hiyo ni kazi moja kati ya kadhaa. Ndani ya injini kuna vyuma vinavyopishana maelfu ya mara kwa dakika. Oili hukaa katikati yao kama utando mwembamba ili chuma kisikwaruze chuma. Pili, hubeba joto. Pikipiki nyingi za bodaboda hupozwa kwa upepo na hazina rejeta kama gari, kwa hiyo oili ndiyo inayosaidia kutoa joto kwenye sehemu ambazo upepo haufiki. Tatu, husafisha, kwani hubeba masizi na chembe ndogo za chuma. Nne, husaidia kuziba nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda ili nguvu isivuje.

Pikipiki zetu za viharusi vinne zina jambo jingine. Katika nyingi, oili hiyo hiyo moja ndiyo inayohudumia injini, giaboksi na klachi. Lita moja tu inafanya kazi ambazo kwenye gari zimegawanywa. Ndiyo maana huchoka upesi. Na ndiyo maana si kila oili ya gari inafaa pikipiki. Baadhi ya oili za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani ya oili inahitaji msuguano ili ishike. Ukiweka isiyofaa, unaweza kukuta injini inanguruma ila pikipiki haivuti, hasa ukiwa na mzigo mlimani.

Kununua oili bila kudanganywa

Angalia mambo matatu kwenye chupa. Kwanza, uzito wa oili, yaani ile namba kama 20W-50 au 10W-30. Fuata namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki yako, si namba ya pikipiki ya jirani. Pili, tafuta herufi JASO MA au MA2. Hizo zinaonyesha oili imepimwa kwa pikipiki zenye klachi inayolowa. Tatu, angalia alama ya ubora ya KEBS na namba ya kibali iliyo chini yake. Unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023, ukiandika SM# kisha namba hiyo.

Kagua kifuniko kama kimefunguliwa, lebo kama imebanduka, na bei kama ni ya chini kupita kiasi. Oili bandia mara nyingi huuzwa ndani ya chupa halisi zilizookotwa. Kwa hiyo chupa yako ikiisha kazi, itoboe kabla ya kuitupa. Ukikuta bidhaa bandia, ipo mamlaka ya taifa ya kupambana nazo, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Toa taarifa. Usinyamaze, kwa maana kesho atakayeuziwa ni mwenzako wa steji.

Ibadilishwe lini?

Jibu la kwanza ni kitabu kilichokuja na pikipiki. Wengi tulikitupa pamoja na plastiki ya kiti, lakini muuzaji au fundi anaweza kukusaidia kupata kipimo chake. Pikipiki mpya hubadilishwa oili mapema sana mara ya kwanza, mara nyingi kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa vyuma vipya vinapozoeana huacha chembe ndani ya oili.

Baada ya hapo, hesabu kilomita. Tuchukue mfano. Ukiendesha kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, hizo ni kilomita 600. Kwa wiki nne ni 2,400. Mwenye pikipiki ya kwenda kanisani na sokoni anaweza kuchukua nusu mwaka kufika hapo. Kwa hiyo "mwezi mmoja" kwako si sawa na "mwezi mmoja" kwake. Nawe unayebeba mizigo mizito, kwenye vumbi na milima, usingoje mwisho wa kipimo cha kitabu. Badilisha mapema kidogo. Andika namba ya kilomita kwenye kipande cha karatasi na ukibandike chini ya kiti. Kama mita ya kilomita imekufa, andika tarehe, na uipeleke itengenezwe.

Rangi nyeusi peke yake haimaanishi oili imeharibika. Oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu inabeba masizi. Lakini ukiiona imekuwa kama chai ya maziwa, hiyo ina maji ndani yake. Labda ulivuka mto uliofurika. Usiendelee kuendesha. Imwage na umwone fundi.

Hatua za kubadilisha oili nyumbani

Sasa tuingie kazini. Nitaeleza polepole, na nitafanya nikisema.

Kwanza, andaa kila kitu kabla ya kulegeza chochote. Unahitaji oili mpya ya kutosha, spana au soketi inayoingia sawasawa kwenye bolti, karai au beseni pana, faneli, vitambaa, glavu, na mtungi wenye kifuniko kinachofunga. Pikipiki nyingi za ukubwa wa cc 100 hadi 150 huchukua karibu lita moja, lakini kiasi kamili kimo kitabuni, na mara nyingine kimeandikwa kwenye injini yenyewe. Ondoa watoto karibu. Usivute sigara.

Pili, simamisha pikipiki mahali tambarare, nje au penye hewa ya kutosha. Iwashe dakika tatu hadi tano ili oili ipate joto na ilegee, kisha izime na uiache itulie dakika kadhaa. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Ukitoka safari ndefu, ngoja zaidi. Na usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na huua.

Tatu, iweke kwenye stendi ya kati kama inayo, na uhakikishe haiwezi kuanguka. Panguza tope kuzunguka kifuniko cha kujazia oili na bolti ya chini. Tope likiingia ndani ya injini, kazi yote imeharibika. Legeza kifuniko cha juu kidogo ili hewa iingie na oili ishuke vizuri.

Nne, weka karai chini ya bolti ya kumwagia oili. Hakikisha ni bolti hiyo kweli. Wapo waliofungua bolti nyingine na kukuta springi na vipuri vimewarukia. Kama huna uhakika, muulize fundi akuonyeshe mara moja, uitie alama ya rangi. Legeza kwa spana, halafu malizia kwa vidole ukiisukuma ndani kidogo, kisha iondoe haraka. Mkono usikae chini ya mkondo.

Tano, iache oili ichuruzike mpaka itoke tone moja moja. Dakika kumi si nyingi. Usipige kiki kwa fujo ili kuikamua. Wakati ukisubiri, angalia ile bolti. Unga laini wa chuma si ajabu, hasa mara ya kwanza. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hivyo ni habari mbaya. Vihifadhi na umpelekee fundi.

Sita, angalia filta. Baadhi ya pikipiki zina filta ya karatasi inayobadilishwa, nyingine zina wavu wa kuoshwa, na nyingine zina vyote. Fuata kitabu. Usioshe filta ya karatasi ukairudisha.

Saba, safisha bolti na ile pete ndogo bapa ya shaba au alumini inayokaa chini ya kichwa chake, ambayo mafundi huiita washa. Kama imebonyea au kupasuka, weka mpya. Irudishe bolti kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa. Ikikataa, itoe uanze upya. Usiilazimishe kwa spana. Kisha kaza kwa spana fupi, kiasi, bila kuning'inia. Sehemu ya chini ya injini ni alumini, na uzi wa alumini hukatika kwa urahisi. Mimi niliwahi kuukata kwa kudhani kukaza sana ndiyo usalama. Gharama ya kuuchonga upya ilinifundisha upole.

Nane, weka faneli safi na umimine oili mpya polepole. Usimimine yote. Bakisha kidogo kwenye chupa, upime.

Tisa, funga kifuniko, washa injini bila kuivutia mafuta, iache dakika mbili au tatu, izime, ngoja dakika chache oili ishuke. Pikipiki ikiwa wima kabisa, angalia kiwango kwenye kidirisha au kijiti cha kupimia. Kitabu kitasema kama kijiti hicho hupimwa kikiwa kimefungwa au kikiwa kimewekwa tu juu ya uzi, kwani pikipiki hutofautiana. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, ongeza kidogo. Ikizidi, punguza. Kuzidisha si kuipenda injini. Oili iliyozidi hutoa povu, husukuma sili mpaka zivuje, na pikipiki inaweza kuanza kutoa moshi.

Kumi, inama uangalie chini. Kuna tone? Kesho asubuhi kabla ya kutoka, inama tena.

Kazi hii yote haizidi saa moja. Jumapili jioni inatosha.

Kisha nikaharibu kisima

Hapo ndipo wengi wetu hudhani tumemaliza. Injini ina oili mpya, na karai limejaa oili chafu. Sasa karai hilo linakwenda wapi?

Baada ya pikipiki ya kaka kupona, tulianza kubadilisha oili wenyewe pale nyumbani. Kila mara mimi ndiye niliyepewa karai. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba na kumwaga mtaroni. Ardhi inakunywa, mimi naenda zangu. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Chini ya mtaro ule kulikuwa na kisima kilichochimbwa kwa mkono, kilichotumiwa na nyumba kadhaa. Mvua za masika zilipokuja, maji yalijaa mtaroni na kutelemka. Asubuhi moja jirani yetu, mama mtu mzima aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alikuja mlangoni na ndoo. Hakugomba. Aliiweka chini akaniambia, "Mwanangu, hebu angalia." Juu ya maji kulikuwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua. Nilijua ni nini kabla sijainama. Harufu niliifahamu.

Tulikaa wiki nyingi tukichota maji mbali. Jirani yule mwenye magoti yanayouma alilazimika kununua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Nilimlipia nilipoweza, lakini kuna deni ambalo halilipiki kwa mitungi. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika taarifa za kaunti za kuwaomba wananchi walinde vyanzo vya maji.

Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linasema mafuta yanayotolewa katika ubadilishaji mmoja wa oili ya gari yanaweza kuchafua hadi galoni milioni moja za maji safi. Sisi tunatoa lita moja kwenye pikipiki, pungufu ya gari, lakini tunaitoa mara nyingi, na tuko wengi. Steji ya wahudumu ishirini, kila mmoja akibadilisha mara moja kwa mwezi, ni lita ishirini. Kwa mwaka, lita 240. Hiyo ni steji moja.

Oili chafu haiozi kama ganda la ndizi. Ina chembe za chuma na masizi, na hukaa udongoni muda mrefu. Katiba ya Kenya, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaweka wajibu kwa kila mtu kushirikiana na vyombo vya serikali kuyalinda. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 1999, iliyounda NEMA, inakataza kutupa taka kwa namna inayochafua mazingira. Na huduma za maji ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo kisima kikiharibika, pesa za kutafuta maji mengine zinatoka kwenye mfuko ule ule ambao ungetengeneza barabara unayolalamikia.

Oili chafu iende wapi?

Imimine kutoka kwenye karai hadi kwenye mtungi unaofunga vizuri. Tumia faneli. Uandike OILI CHAFU kwa herufi kubwa, na uuweke juu, penye kivuli, mbali na watoto na mbali na moto. Usitumie kamwe chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi lebo, anaona chupa. Usichanganye na petroli, maji, mafuta ya breki wala dawa za shamba, kwa sababu ikichanganywa ni vigumu kwa anayeikusanya kuichakata.

Mtungi ukijaa, upeleke kwenye kituo cha mafuta au gereji inayobadilisha oili na yenye tangi la kuhifadhia. Uliza kwanza kama wanapokea. Uliza pia nani huichukua kutoka kwao. Anayesafirisha taka za aina hii anatakiwa awe na leseni ya NEMA. Vitambaa vilivyolowa oili navyo viweke kwenye mfuko peke yake, usivichome jikoni.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila steji iwe na mtungi mmoja wa lita ishirini, wenye kifuniko, unaoshikwa na mtu mmoja aliyeteuliwa na wanachama. Kila anayebadilisha oili alete lita yake. Ukijaa, mtu mmoja aupeleke kwa niaba ya wote. Sikuahidi tangi jipya wala gari la kukusanya, kwa kuwa mimi si mtu wa bajeti, na ahadi ya mtu wa habari haijazi mtungi. Mtungi mnaweza kuupata leo.

Maswali yaliyoulizwa

Mzee mmoja aliuliza: "Sisi tunapaka oili chafu kwenye nguzo za ua ili mchwa wasile. Hiyo pia ni makosa?"

Mzee wangu, nyumbani kwetu pia tulipaka. Lakini oili ile haibaki kwenye nguzo. Mvua inaiosha, inaingia udongoni, na kama ua uko karibu na bustani au kisima, inakurudia. Afisa wa kilimo wa wadi atakushauri njia nyingine za kuzuia mchwa. Na wale wanaowapaka ng'ombe ili kuua kupe, tafadhali acheni. Ng'ombe hujilamba, na sumu inaingia mwilini. Mwoneni afisa wa mifugo.

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu hurudi mikono myeusi kila siku kutoka gereji. Itamdhuru?"

Mama, siku moja haitamdhuru sana, lakini ngozi kugusana na oili iliyotumika mara kwa mara kwa miaka kunaweza kuileta matatizo, na kunahusishwa na saratani ya ngozi. Avae glavu. Anawe kwa sabuni na maji, asinawe kwa petroli. Nguo iliyolowa oili asikae nayo mwilini, na kitambaa chenye oili asikiweke mfukoni.

Mhudumu mmoja aliuliza: "Nikikosa oili ya pikipiki, niko mbali, naweza kuongeza ya gari nifike?"

Kama kiwango kimeshuka chini ya alama ya mwisho, kuendesha bila oili ni hatari kubwa zaidi. Ongeza kidogo yenye uzito unaokaribiana, nenda polepole, kisha ukifika mwage yote na uweke inayofaa. Lakini jiulize pia, imekwenda wapi? Ama inavuja, ama inaungua. Yote mawili yanahitaji fundi.

Mwingine akauliza: "Sasa mafundi wetu watakula nini, kama kila mtu atabadilisha nyumbani?"

Swali zuri, na limepigiwa makofi na mafundi. Ndugu zangu, fundi hatakosa kazi. Kuna vali, karabureta, cheni, breki na nyaya. Nami nawaomba mafundi mtufundishe, hata kwa malipo kidogo. Na asiyeweza au asiyetaka kujibadilishia nyumbani, amwendee fundi bila aibu, ila aulize swali moja kabla hajaondoka: oili yangu ya zamani unaipeleka wapi?

Nimalizie

Kaka yangu alimaliza mkopo wake. Bado anabeba viazi, na chini ya kiti chake kuna karatasi yenye namba ya kilomita, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mdogo wetu alirudi shuleni muhula uliofuata.

Kisima kile kilisafishwa mara mbili. Watu wanateka maji yake kwa kufulia. Ya kunywa bado wanachota kwingine. Jirani yetu hunisalimia kama zamani, na akiniona nikiinama chini ya pikipiki huuliza kutoka mlangoni kwake, "Mwanangu, mtungi uko wapi?"

Nami humwonyesha. Nanyi mkiulizwa, muweze kuonyesha.

 Endesheni salama, helmeti kichwani, abiria pia.